Kukutana na mume ukiwa kwenye siku zako, na ile damu uliyoitaja mwishoni

Barua yenyewe, nimeifupisha kidogo:

"Shikamoo dada mkunga. Nina miaka 28, naishi Mafinga, nina watoto wawili, mkubwa ni binti wa miaka 9. Mume wangu anaendesha lori la mbao, anakwenda Dar na mara nyingine Tunduma, anaweza kukaa wiki tatu hajarudi. Mara nyingi akirudi ananikuta niko kwenye siku zangu. Yeye hana shida, mimi ndiye naogopa. Mama mkwe anasema damu inarudi ndani na kuziba mirija, na mwanaume naye anaishiwa nguvu. Kuna madhara kweli? Na ni kweli siku hizo mimba haiingii? Mzunguko wangu mwezi mmoja siku 25, mwingine 31. Natumia kalenda, nikikosea nameza P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Halafu kuna kitu kingine kidogo: naona matone ya damu baada ya tendo hata siku ambazo siko mwezini, yapata miezi minne sasa. Nilinunua dawa ya fangasi duka la dawa, haikusaidia. Ni kawaida?"

Marahaba mdogo wangu. Kamwene.

Nitaanza na hofu yako ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayokunyima raha kila lori linapopaki nje. Lakini nakwambia mapema kwamba hicho ulichokiita "kitu kingine kidogo" ndicho kilichonifanya nikujibu haraka, na huko ndiko nitakakokaa muda mrefu.

Kukutana na mumeo ukiwa mwezini, kama wote wawili mko wazima na wote mnataka, hakukuharibii kizazi. Damu ya hedhi ni utando wa ndani wa mji wa mimba uliojiandaa kupokea mimba, mimba haikuingia, ukabanduka pamoja na damu. Haina sumu. Mwanaume haishiwi nguvu kwa kuigusa, na uume wake hauoti kitu kwa sababu yake. Kwa siku zote za hedhi mwanamke wa kawaida hupoteza kama mililita 30 hadi 80 tu, ingawa ukiitazama kwenye shuka utadhani ni lita.

Hilo la damu kurudi ndani lina ukweli nusu, na usimcheke mama mkwe. Damu kidogo ya hedhi hupanda kwenye mirija na kumwagikia tumboni kwa wanawake wengi sana, pengine 9 kati ya 10, walale na waume zao au walale peke yao. Mwili huisafisha wenyewe. Kinachoziba mirija mara nyingi ni makovu yanayoachwa na maambukizi, hasa klamidia na kisonono, ambayo yanaweza kukaa ndani muda mrefu bila kukuuma popote. Na hapa sasa ndipo mama anapokaribia kuwa sahihi. Siku za hedhi mlango wa kizazi unakuwa umelegea kidogo, ule ute mzito unaouziba siku nyingine haupo, na ile asidi ya ukeni inayoua vijidudu inapunguzwa nguvu na damu. Kwa hiyo kama kuna mwenye maambukizi kati yenu, siku hizo yanapata njia rahisi zaidi ya kupanda juu. Hatari inatoka kwenye ugonjwa aliokuja nao mtu. Damu inaufungulia njia tu.

Kwa VVU ni hivyo hivyo, na hapo hatari iko pande zote mbili. Damu ya mwanamke mwenye VVU ambaye hajaanza dawa inabeba virusi, mwanaume anaambukizwa kwa urahisi zaidi kuliko siku nyingine. Mwanamke naye akiwa mwezini, ile kinga ya kawaida ya ukeni inakuwa imepungua. Sisemi haya kwa sababu mumeo ni dereva. Wapo madereva waaminifu na wapo wakulima wa viazi wasio waaminifu. Nasema kwa sababu ya mahali tunapoishi. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, lakini Njombe ilikuwa asilimia 12.7, Iringa yako 11.1 na Mbeya yangu 9.6. Mikoa mitatu ya juu nchini ni yetu sisi wa nyanda hizi. Kwa hiyo nendeni mkapime, wote, safari hii akirudi, na mpaka hapo siku za damu iwe ni kwa kondomu. Mkikuta mmoja wenu anao, bado maisha ya ndoa yanaendelea: anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa, awe mwezini au asiwe. Na asiye nao anaweza kupewa dawa kinga wakati mwenzake bado anashusha virusi.

Kuhusu imani sitakuingilia. Uislamu umekataza wazi, Sura ya Al-Baqara aya ya 222, na Walawi kwenye Biblia wana maneno yao. Ukiwa unafuata hayo, fuata kwa moyo mweupe, mumeo atasubiri siku tano na hatakufa. Na hata kama hufuati, "sijisikii" inatosha kabisa kuwa sababu. Kuna wanawake ambao hamu inapanda siku hizo na kufika kileleni kunawapunguzia maumivu ya tumbo, kuna ambao hawataki hata kuguswa mgongo. Wote wazima. Usikubali kwa sababu tu amekaa barabarani wiki tatu.

Mkiamua, chagueni siku ya tatu au ya nne damu ikishapungua, tandika taulo la rangi ya giza, mnawe baadaye kwa maji nje tu. Shuka likilowa tumia maji ya baridi na chumvi; ya moto yanaigandisha doa moja kwa moja. Tumbo likikusokota, ibuprofen ukimeza pamoja na chakula mara tu maumivu yanapoanza inafanya kazi kuliko kungoja mpaka umejikunja, ila kama una vidonda vya tumbo achana nayo.

Sasa mimba.

Hapana, si kweli kwamba haiingii. Kwa wengi inakuwa vigumu, kwa mwenye mzunguko kama wako haiko mbali sana. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Watu wanasema "siku ya 14" na kuishia hapo, kumbe hesabu inaanzia mbele kurudi nyuma. Mwezi wako wa siku 31 yai linatoka kama siku ya 17. Mwezi wako wa siku 25 linatoka kama siku ya 11. Yai lenyewe linaishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za mwanaume zinaweza kukaa hai ndani yako hadi siku 5. Mumeo akikukuta siku ya 6, unamalizia matone ya mwisho, mkakutana, mbegu zinaweza kusubiri mpaka siku ya 11, na yai likazikuta hapo. Wapo watoto wengi Mafinga waliopatikana hivyo, na mama zao mpaka leo wanaapa kuwa walikuwa mwezini.

Kalenda ina kanuni yake. Unaandika urefu wa mizunguko isiyopungua 6. Mfupi kuliko yote unatoa 18, mrefu kuliko yote unatoa 11. Kwako: 25 toa 18 ni 7, na 31 toa 11 ni 20. Maana yake kuanzia siku ya 7 mpaka ya 20 unaweza kushika mimba, siku 14 nzima za kukaa mbali au kutumia kondomu. Zile shanga za kuhesabia siku ambazo baadhi ya kliniki wanazo hazikufai, kwa kuwa zimetengenezwa kwa mwenye mzunguko wa kati ya siku 26 na 32, na wewe una mwezi unaoshuka chini ya hapo.

Ila hesabu hiyo niliyokufanyia, usiitegemee. Kwanza, P2 inasogeza yai, ndivyo inavyofanya kazi, kwa hiyo kila mwezi ulioimeza unaweza kuwahi au kuchelewa, na mwezi huo hautakiwi kuingia kwenye hesabu. Inawezekana hizo 25 zako ni kazi ya P2 tupu. Pili, kama kuna damu nyingine inatoka nje ya hedhi, unajuaje siku ya 1 ni ipi? Kalenda inasimama juu ya siku ya 1. P2 haikuharibii uzazi hata ukiimeza mara kadhaa, huo ni uvumi, lakini ni ya dharura: inafanya vizuri ndani ya saa 72, ukiwahi ndiyo bora, na haifikii njia za kudumu kama sindano, vijiti au kitanzi. Mwanamke mwenye mume wa ndani anayeimeza kila mwezi anahitaji njia nyingine.

Ningekwambia leo hii kaweke kitanzi, sikwambii. Kitanzi hakiwekwi kwa mwanamke anayetokwa na damu ambayo sababu yake haijajulikana. Vijiti na sindano navyo ni vizuri visubiri, kwa sababu vyenyewe vinabadilisha damu na vitatuficha tunachokitafuta. Kondomu kwa sasa, mpaka ujue.

Na hapa tumefika kwenye matone yako.

Damu baada ya tendo, nje ya hedhi, kwa miezi minne, si kawaida. Nimeiandika hivyo kavu makusudi. Ikitokea mara moja baada ya tendo la pupa wakati uke haujalainika, mtu anaweza kuangalia tu. Wewe inajirudia.

Mara nyingi sababu si mbaya. Inaweza kuwa mlango wa kizazi umevimba kwa klamidia, kisonono au trikomona. Inaweza kuwa kijinyama kidogo kimeota kwenye mlango, ambacho kinatolewa kwa dakika chache. Inaweza kuwa zile tishu laini za ndani ya mlango zimejitokeza nje na zinachubuka zikiguswa, jambo la kawaida kwa wanawake wa umri wako. Inaweza kuwa ukavu, kama bado unanyonyesha. Inaweza kuwa mimba changa, kwa hiyo kipimo cha mkojo kifanyike hata kama una hakika huna. Na inaweza kuwa mlango wa kizazi umeanza mabadiliko ya saratani, au saratani yenyewe. Hiyo ya mwisho ni ya wachache katika umri wa miaka 28, lakini saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, na damu baada ya tendo ni miongoni mwa dalili zake za mwanzo ambazo mwanamke anaweza kuziona mwenyewe. Ndiyo maana sikuachii.

Dawa ya fangasi haikusaidia kwa sababu fangasi kwa kawaida haileti damu ya namna hiyo. Inaleta muwasho na uchafu mweupe kama mtindi. Muuzaji wa duka la dawa muhimu hakukuona ndani, angejuaje? Nina ugomvi wa muda mrefu na namna tunavyotibu uke wa mwanamke kwa kukisia: akiwashwa fangasi, akikojoa kwa maumivu UTI, akitokwa na damu "homoni", anapewa vidonge anaondoka, na mlango wa kizazi haujatazamwa na mtu tangu alipojifungua. Nao wale wa barabarani Mwanjelwa wenye spika na chupa za "kusafisha kizazi" ndio wabaya zaidi. Kizazi hakisafishwi na mtu. Kinajisafisha chenyewe kila mwezi, hiyo hedhi ndiyo usafi wenyewe. Usiingize ndani sabuni, shabu, wala majani. Vinachubua, vinaua bakteria wazuri, na vinampa VVU mahali pa kuingilia. Kama umekwisha kuingiza, sema utakapoenda hospitali, hakuna atakayekupiga.

Saratani hii inaletwa na kirusi cha HPV, kinachopita kwa kujamiiana, na wengi wetu tumewahi kukutana nacho bila kujua. Mwili wa mtu mwenye kinga nzuri hukiondoa. Kikikaa, kinachukua miaka 15 hadi 20 kugeuza seli kuwa saratani, na kwa mwenye kinga dhaifu kama mwenye VVU asiyetibiwa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano mara 6 zaidi wa kuipata. Unaona sasa kwa nini kule juu nilisisitiza kupima, na kwa nini mkoa wetu hauwezi kulichukulia hili kama habari ya watu wa mbali. Miaka hiyo mingi ndiyo nafasi yetu, kwa sababu mabadiliko yakionekana mapema yanatibiwa kabla hayajawa saratani.

Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko unavyofikiri. Unalala kitandani, mtoa huduma anaingiza kile chombo cha kufungulia uke, anapaka mlango wa kizazi siki maalumu iliyozimuliwa, anasubiri dakika moja, anatazama kwa taa. Pale palipobadilika panakuwa peupe. Inaunguza kidogo, haikati kitu. Pakiwa peupe na panafaa, vituo vingi vinapatibu siku hiyo hiyo kwa kugandisha kwa baridi au kuchoma kwa joto. Kikionekana kitu cha kutilia shaka, wanachukua kinyama kidogo kipelekwe maabara, na hapo utaelekezwa Iringa mjini au huku kwetu Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Wakikuandikia rufaa usiichukulie kama hukumu. Rufaa nyingi zinaishia kwenye kijinyama kisicho na neno.

Wanaoalikwa kupimwa bila dalili yoyote ni wa miaka 30 hadi 50, na wanaoishi na VVU wanaanza mapema zaidi. Unaweza kuambiwa "dada wewe bado mdogo, rudi ukifika 30." Usirudi nyumbani. Ule umri ni wa mtu mzima asiye na tatizo. Mwenye dalili anachunguzwa akiwa na umri wowote, na kwako siki peke yake haitoshi, wanatakiwa pia watazame kama kuna uchafu, usaha au uvimbe, wapime magonjwa ya ngono na mimba. Wakikuta ugonjwa wa ngono, mumeo anatibiwa pia, hata kama hana dalili. Ukitibiwa peke yako, akirudi kutoka Tunduma mnaanza upya.

Binti yako wa miaka 9 ana bahati ambayo wewe hukuipata. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 inatolewa kwa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Muulize mwalimu wake au mpeleke kituoni. Kuna wanaosema inafunga uzazi, haifungi.

Jambo dogo la hali ya hewa yenu, maana najua Mafinga mwezi wa sita. Kama unatumia vitambaa, ukungu ule hauvikaushi, na kitambaa chenye unyevunyevu kinakuletea muwasho ambao utadhani ni ugonjwa. Vipige pasi ya moto kabla ya kuvaa.

Sasa nenda. Subiri hedhi iishe kabisa, damu inaficha mlango wa kizazi usionekane vizuri, na usikutane na mumeo siku mbili kabla ya kipimo. Lakini damu ikiwa nyingi, ukibadilisha pedi iliyolowa kila saa moja au mbili, ukiona mabonge makubwa, ukisikia kizunguzungu, au tumbo la chini likiuma upande mmoja huku hedhi imechelewa, hapo usisubiri siku wala ratiba, nenda hospitali usiku huo huo.

Ukifika, usiseme "nina fangasi" wala "nina shida za kike", watakuelekeza foleni isiyo yako. Sema hivi: "Natokwa na damu baada ya tendo la ndoa, miezi minne sasa, naomba nitazamwe mlango wa kizazi." Huduma ya uchunguzi huu iko upande wa kliniki ya mama na mtoto, na vituo vingi vya serikali havitozi. Ukiona haya kwa mhudumu wa kiume, omba wa kike, una haki hiyo. Chukua pedi moja na kanga. Beba kile kidaftari unachoandikia tarehe, kina faida kuliko maelezo ya kichwani, na uwatajie kila P2 uliyomeza tangu matone yalipoanza.

Na mpigie mumeo kabla hajatoka Dar. Mwambie unaenda kupimwa, aje naye apime. Mwambie na hili, lisije likawa ugomvi baadaye: ukitibiwa kwa baridi au kwa joto utatokwa na majimaji mengi siku kadhaa, na tendo la ndoa linasimama kwa wiki 4 ili kidonda kipone.

Majibu yakitoka niandikie tena. Habari ya vijiti na kitanzi tutaizungumza hapo.